Wevi wa Dafina na Kanda Zilizowahifadhi

Katika wevi wote waliopata kuzuliwa na watunzi wa hadithi, ni wachache waliosafiri safari ndefu na yenye mizunguko kama ya Arsène Lupin, mwungwana wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1905 katika kurasa za jarida la Je sais tout la mjini Paris, kwa kalamu ya Maurice Leblanc, mwenyeji wa Rouen. Kwani baada ya miaka sitini na miwili, wakati mtunzi wake alipokuwa amekwisha lala kaburini zaidi ya robo karne, mwivi huyu alipata mjukuu huko Japani, mjukuu ambaye hakuna wosia wala hati iliyomtambua. Mjukuu huyo, aitwaye Lupin wa Tatu, ameishi katika vitabu vya picha, katika televisheni, katika majumba ya sinema, na zaidi ya yote katika kanda za video na sahani za DVD ambazo watu huziweka kabatini majumbani mwao. Na maisha yake hayo ya kabatini ndiyo ninayokusudia kuyaeleza hapa, kwa sababu naamini ya kwamba lau watu wasingalipata njia ya kumtazama mara ya pili na ya tatu, sehemu iliyo bora ya kazi hii ingalikufa palepale ilipozaliwa.

Habari yenyewe ni nyepesi kuieleza. Ni kundi la watu wanne wanaozunguka dunia wakiwinda hazina: almasi za wafalme, sanamu za dhahabu, michoro iliyofungiwa katika majumba ya makumbusho, na dafina zilizozikwa na watawala ambao hata majina yao yamekwisha sahauliwa. Kiongozi wao, Lupin mwenyewe, ni mtu mwembamba mwenye miguu mirefu na uso wa nyani, mcheshi, mpenda wanawake kupita kiasi, awezaye kuutazama mlango wenye makufuli saba akacheka; mkononi ana bastola ya Kijerumani aina ya Walther P38, na mwilini ana koti ambalo rangi yake ndiyo mashabiki wanayohesabia zama, kwani la kijani ni la mfululizo wa kwanza, jekundu ni la wa pili, la waridi ni la wa tatu, na la buluu ni la ule wa mwaka 2015. Mwandani wake ni Daisuke Jigen, mpiga shabaha asiyekosa, ambaye kofia yake imemfunika macho na sigara yake haizimiki, mtu wa maneno machache na shaka nyingi. Wa tatu ni Goemon Ishikawa wa Kumi na Tatu, samurai aliyepotea katika karne isiyo yake, ambaye upanga wake hukata chuma, magari, na hata ndege, na ambaye akiisha kukata husikitika kwamba upanga mtukufu namna ile umetumiwa tena kukatia kitu duni. Na jina lake amelirithi kwa mwivi wa kweli wa historia, Ishikawa Goemon, aliyechemshwa akiwa hai katika sufuria kuu mjini Kyoto mwaka 1594, katika utawala wa Toyotomi Hideyoshi. Wa nne, ikiwa yafaa kumhesabu, ni bibi Fujiko Mine, mwenye uzuri wa kutia wazimu na uaminifu wa kuhesabiwa kwa dakika, ambaye leo yuko pamoja nao na kesho amekwisha wauza kwa mkufu mmoja wa lulu.

Nyuma yao wote hukimbia Inspekta Zenigata na koti lake la mvua na pingu zake, naye ndiye mtu ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii. Ukoo wake umetoka katika vitabu vingine kabisa, maana Zenigata Heiji alikuwa mpelelezi wa zama za Edo aliyebuniwa na mwandishi Nomura Kodō mwaka 1931, aliyekuwa akiwatupia wahalifu sarafu ili awaangushe. Mjukuu wake wa katuni hutupa pingu zilizofungwa kamba, akakosa, akaanguka mtoni, akatoka na kukimbia tena. Mtu huyu amemfuatia Lupin katika mabara yote kwa miaka zaidi ya hamsini, na kila mara Lupin anaposemekana kuwa amekufa, mwenye kulia machozi ya kweli ni yeye, kwa kuwa akiisha kumkamata hatajua tena la kufanya na uhai wake.

Aliyewaumba watu hawa alikuwa Kazuhiko Katō, aliyezaliwa mwaka 1937 huko Hamanaka, katika kisiwa cha baridi cha Hokkaido, na ambaye dunia inamjua kwa jina la ajabu la Monkey Punch, jina alilopachikwa na mhariri wake bila ya kulipenda, akakubali kwa kudhani ya kwamba kazi yenyewe haitadumu ila miezi michache. Hadithi yake ilitoka kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1967, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Manga Action la wachapishaji Futabasha, jarida lililokusudiwa watu wazima. Na michoro yake, iliyokuwa na mistari ya harakaharaka na mzaha mkali, ilionyesha wazi jinsi alivyokuwa akilipenda jarida la dhihaka la Marekani liitwalo MAD. Lazima isemwe kwa uaminifu kwamba Lupin wa vitabu vile hakuwa mtu wa kupendeza sana. Alikuwa mkatili, na namna alivyowatendea wanawake ingemfanya msomaji wa leo akunje uso. Huruma na uungwana ambao sasa watu wengi huudhani kuwa tabia yake ya asili aliupata baadaye, mikononi mwa wengine.

Mikono hiyo ilianza kumshika tarehe 24 Oktoba 1971, siku ambayo televisheni ya Yomiuri ilianza kuonyesha mfululizo wa kwanza, uliotengenezwa na kampuni ya Tokyo Movie chini ya uongozi wa Masaaki Ōsumi. Yafaa msomaji akumbuke ya kwamba katika siku zile katuni ya televisheni nchini Japani ilikuwa ni mali ya watoto: maroboti, wanamieleka, wasichana wenye uchawi. Ōsumi akaleta, Jumapili jioni, saa ambayo familia nzima imekaa mbele ya televisheni, habari za watu wazima wanaovuta sigara, wenye kuchoshwa na utajiri wao wenyewe, wanaoiba kwa kuwa hawana jingine la kuwapitishia siku. Na vyombo vyote, bastola, saa, magari, vikachorwa kwa usahihi kama vilivyo dukani, jambo lililosimamiwa na mkuu wa wachoraji, Yasuo Ōtsuka, ambaye mapenzi yake ya magari yalikuwa mashuhuri miongoni mwa wenziwe. Watazamaji wakakimbia. Wakubwa wa kituo wakamtaka Ōsumi alegeze, akakataa, akaondoka. Na kazi ikakabidhiwa vijana wawili waliokuwa hawajulikani, Isao Takahata na Hayao Miyazaki, ambao hata majina yao hayakuandikwa, bali palitajwa tu kundi la waongozaji wa kampuni yao.

Vijana wale wawili, ambao baadaye walianzisha studio ya Ghibli iliyokuja kusifiwa dunia nzima, walifanya jambo moja ambalo kwangu ndilo lililoiokoa hadithi hii: walimfukarisha Lupin. Yule bwana mkwasi aliyeendesha Mercedes-Benz SSK ya fahari wakamshusha, wakampandisha katika Fiat 500, kigari kidogo cha Kiitalia ambacho Ōtsuka mwenyewe alikuwa akikiendesha. Na kwa kumnyima mali wakampa njaa, na kwa kumpa njaa wakampa furaha. Mwivi ambaye ana kila kitu hana sababu ya kukimbia. Lakini dawa ilichelewa, mfululizo ukakatwa mwezi wa Machi 1972 baada ya sehemu 23 tu, na kwa hesabu za wakati ule kazi ile ilikuwa hasara tupu.

Hapa ndipo marudio yanapoanza kutenda kazi yake. Vituo vya televisheni, vilivyokuwa na saa za mchana za kujazwa kwa bei rahisi, vilizionyesha tena na tena zile sehemu 23, na wanafunzi waliotoka shule wakazikuta, wakaambiana, wakazisubiri. Hata kufikia katikati ya miaka ya 1970 hadithi iliyokataliwa ikawa inatazamwa na watu wengi kuliko hadithi mpya. Tarehe 3 Oktoba 1977 mfululizo wa pili ukaanza, Lupin akiwa katika koti jekundu, na ukaenda kwa sehemu 155 hadi Oktoba 1980, ukifuatana na muziki wa jazi wa Yuji Ohno, wenye tarumbeta zinazoingia kwa kishindo, muziki ambao Mjapani wa rika lolote akiusikia katika soko au stesheni atakwambia papo hapo ni wa nani. Zaidi ya nusu ya sehemu hizo, nakiri, ni za kupitisha wakati: hazina wiki hii iko Misri, wiki ijayo iko Brazili, na mbinu ni zile zile. Lakini sehemu ya 145 na ya 155, ambazo Miyazaki aliziongoza akijificha nyuma ya jina la kubuni, zina mchoro na moyo wa daraja nyingine, na katika ile ya mwisho mna roboti mrefu wa mikono mirefu ambaye aliyetazama filamu yake ya Laputa ya mwaka 1986 atamtambua kuwa ndugu yake.

Sasa niseme juu ya hazina zenyewe, maana hapa pana kanuni ambayo mtazamaji huigundua polepole. Wevi hawa, pamoja na ustadi wao wote, ni nadra kuondoka na kitu cha maana. Katika filamu yao ndefu ya kwanza, ya mwaka 1978, dafina inayowindwa ni jiwe la wanakimiya, lile linalosemekana kuleta uhai wa milele, nalo linaibwa katika piramidi ya Misri kwa ajili ya kiumbe aitwaye Mamo ambaye amejinakilisha mwili wake kwa maelfu ya miaka na sasa nakala zinachakaa. Katika ile ya mwaka 1985, ambayo mmoja wa waongozaji wake alikuwa Seijun Suzuki, gwiji wa sinema za majambazi, kinachotafutwa ni dhahabu ya Babeli. Katika ile ya mwaka 1987, Goemon yumo katika siku ya arusi yake wakati maninja wa ukoo wa Fuma wanapomteka bibi arusi ili wapewe chungu cha kale chenye siri ya hazina ya ukoo, na safari nzima huishia ndani ya mlima. Kila mara dhahabu huonekana, humeta, hupasuka, huzama, huanguka, ama hubainika kuwa ni kitu kisichobebeka. Na wevi wale, badala ya kuomboleza, huwasha injini ya gari wakaenda zao. Hadithi zetu za Abunuwasi zina tabia karibu na hiyo, kwani mjanja yule naye kamwe hatajiriki, na tungemchoka siku ambayo angetajirika.

Kanuni hii ilipata ukamilifu wake katika filamu ya Ngome ya Cagliostro, iliyoanza kuonyeshwa Japani tarehe 15 Desemba 1979, nayo ndiyo filamu ndefu ya kwanza Miyazaki aliyoiongoza maishani mwake. Inaanza pale ambapo hadithi nyingine ingeishia: Lupin na Jigen wametoka mbio katika nyumba ya kamari ya Monako, Fiat yao imefurika noti mpaka madirishani, na katikati ya furaha hiyo Lupin anaitazama noti moja kwa makini, anatambua kuwa ni bandia, na wote wawili wanazimwaga barabarani zote, zikapeperuka. Noti zile zimetoka katika dola ndogo ya kubuniwa iitwayo Cagliostro, ambako kwa karne nyingi watawala wamekuwa wakichapa fedha za bandia za mataifa yote, fedha ambazo, kwa mujibu wa hadithi, zimeangusha falme na kugharimia vita. Lupin anakwenda kuitafuta mitambo hiyo, na njiani anakutana na msichana aliyevaa nguo ya arusi anayekimbizwa kwa magari. Naye ni Clarisse, ambaye mtawala dhalimu wa nchi ile ataka kumwoa kwa nguvu, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya pete yake, kwa kuwa pete mbili za koo mbili zikiunganishwa hufungua dafina ya mababu.

Mambo mengi ya kusifiwa yamo humo: Fiat inayopanda ukingo wa mlima, Lupin anayekimbia juu ya mapaa ya ngome usiku, mapigano ndani ya magurudumu ya meno ya saa kubwa ya mnara. Lakini lililo zito zaidi, na linalopuuzwa na wengi, ni lile la Zenigata, ambaye anapozikuta noti za bandia na kuwapelekea habari wakubwa wa Interpol, anawaona wajumbe wa mataifa makubwa wakigombana wao kwa wao kisha wakiamua kunyamaza, maana kila mmoja anachelea yatakayofichuka. Basi askari yule mwaminifu hana njia ila kujifanya, mbele ya kamera za televisheni zinazorusha moja kwa moja, kwamba ameingia katika kiwanda kile kwa bahati tu akimkimbiza mwivi. Sheria inalazimika kuazima ujanja wa mwivi ili itende kazi yake. Na mwisho, saa inapoanguka na maji ya ziwa yanapotoka, dafina ya ukoo inajitokeza, nayo si dhahabu wala vito, bali ni mji mzima wa Kirumi uliokuwa umelala chini ya maji, wenye nguzo na njia na mahekalu. Lupin anaukagua kwa macho, anacheka, anasema ni mkubwa mno kwa mfuko wake.

Mji ule chini ya ziwa Miyazaki hakuuzua mwenyewe. Ulikwishakuwamo katika riwaya ya Leblanc ya mwaka 1927 kuhusu msichana mwenye macho ya kijani, na jina la Cagliostro limo katika riwaya nyingine ya Leblanc ya mwaka 1924, ambayo nayo iliazima kwa laghai wa Kiitalia wa karne ya kumi na nane. Mnara wa saa umetoka katika hadithi ya Edogawa Ranpo, ambaye aliiandika upya kutoka kwa Kuroiwa Ruikō, ambaye aliitoa katika riwaya ya Kiingereza ya bibi A. M. Williamson ya mwaka 1898. Na Leblanc, ambaye warithi wake walikuja kulalamikia jina la Lupin kutumiwa bila ya idhini, mwenyewe alikuwa mwivi wa kwanza wa silsila hii, maana mwaka 1906 alimchukua Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle na kumtia katika hadithi zake ili ashindwe na Lupin, na Doyle alipochukizwa, Leblanc akageuza herufi tu, akamwita Herlock Sholmès, akaendelea. Katika miaka ile ile ambayo Monkey Punch alikuwa akikua, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa akimtengeneza mpelelezi wake Bwana Msa, mwenye kiko na rafiki yake Najum, na kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kikachapishwa mwaka 1960. Sisi tulimchukua mpelelezi wa London, Wajapani wakamchukua mwivi wa Paris, na sina hakika nani alipata faida zaidi, ingawa Bwana Msa hakupata kuchorwa akiendesha Fiat juu ya ukuta.

Katika majumba ya sinema, Ngome ya Cagliostro haikuleta watu kama ilivyotarajiwa, na Miyazaki akakaa miaka zaidi ya minne kabla ya kuongoza filamu nyingine ndefu. Ni televisheni, iliyoirudia karibu kila mara ilipopata nafasi, na ni kanda, zilizoikuza taratibu mpaka ikahesabiwa katika filamu bora za katuni zilizopata kutengenezwa Japani. Mashine za kanda zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia majumbani: Betamax ya Sony mwaka 1975, VHS ya Victor mwaka 1976; na kanda zilizorekodiwa tayari zilikuwa ghali, hata watu wengi wakawa wanazikodi katika maduka ya mtaani kwa usiku mmoja. Kabla ya hapo, kuitazama filamu kulikuwa ni kama kuvizia chombo bandarini, kwani ukikosa saa yake umekosa. Tangu hapo mtazamaji akapata uwezo wa kusimamisha, kurudisha nyuma, kutazama kwa utaratibu jinsi mchoraji alivyoigawa mbio moja katika picha kumi na mbili, na kazi ambayo ilikuwa na siri za kutosha ikazidi kuheshimiwa kila ilipochunguzwa, ilhali kazi nyingine nyingi za zama zile, zilizoshangiliwa siku ya kwanza, hazikustahimili jicho la pili.

Kanda zilipovuka bahari zilikuta mlangoni suala la jina. Ufaransa, kwa kuwaogopa warithi wa Leblanc, ilimwita mjukuu huyu Edgar. Huko Marekani, kampuni ya Streamline ilipotoa Ngome ya Cagliostro katika video mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikamwita Wolf, yaani mbwa mwitu, na kampuni ya AnimEigo ikaandika Rupan, kama Mjapani anavyolitamka; hivyo mteja aliyeingia dukani alikuwa na haki ya kudhani ni watu watatu mbalimbali. Leblanc alikufa mwaka 1941, na miaka sabini ilipotimia haki za urithi wake zikaisha katika Ulaya, na jina likarudi. Sahani za DVD zilipokuja, kampuni ya Geneon ikaanza mwaka 2003 kuutoa mfululizo wa koti jekundu kwa Wamarekani, ikafika sehemu ya 79, kisha mwaka 2007 ikafunga biashara yake huko, na walionunua hadi hapo wakabaki na nusu ya hadithi kabatini. Ikawa ni kazi ya kampuni ndogo ya Discotek, baada ya miaka kadhaa, kuwapa iliyobaki, na mwaka 2012 kuwapa zile sehemu 23 za mwanzo ambazo hazikuwa zimepata kuuzwa kwao kwa DVD. Italia peke yake haikuhitaji kushawishiwa: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vituo vyake vidogo vilimwonyesha Lupin mchana na usiku, hata watengenezaji walipoanzisha mfululizo wa koti la buluu mwaka 2015, hadithi wakaiweka Italia na San Marino, na onyesho la kwanza wakawapa Waitalia kabla ya Wajapani wenyewe.

Kwetu Afrika ya Mashariki palikuwa na kizuizi cha namna nyingine, nacho ni cha mitambo. Kanda ya Japani, sawa na ya Marekani, ilirekodiwa kwa mpango wa NTSC wenye mistari 525 ya picha, ilhali televisheni zetu zilifuata mpango wa PAL wenye mistari 625. Kanda ya namna hiyo ukiitia katika mashine ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa ulipata picha inayoteleza, isiyo na rangi. Hata DVD ziligawiwa dunia kwa namba, Japani na Ulaya ya Magharibi zikapewa 2, Marekani 1, na sehemu kubwa ya Afrika 5. Jambo hili lilituuma zaidi kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na kwa miaka mingi kabla ya hapo, aliyenunua televisheni aliinunua kwa ajili ya kanda tu. Kwa hiyo tulizijua filamu za Kihindi na za Hong Kong, zilizopitia Dubai na Uingereza, kuliko tulivyomjua mwivi huyu, na wengi wetu tumemfikia sasa, kwa njia ya intaneti ambayo haina mistari wala namba, ama kwa kuufuata nyuma ule mfululizo wa Kifaransa wa Lupin uliochezwa na Omar Sy tangu mwaka 2021.

Jambo moja la kusikitisha kanda zimelihifadhi bila ya kukusudia, nalo ni sauti. Yasuo Yamada aliyemtia Lupin sauti tangu 1971 alifariki mwezi wa Machi 1995, na nafasi yake akaichukua Kanichi Kurita, mchekeshaji ambaye riziki yake ilikuwa ni kuwaigiza watu, na ambaye miongoni mwa watu aliowaigiza jukwaani alikuwa ni Yamada huyo huyo. Kiyoshi Kobayashi alimtia sauti Jigen kwa nusu karne, akaacha mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka themanini na minane, akafariki mwaka uliofuata. Monkey Punch naye alikwishatangulia mwezi wa Aprili 2019.

Mwenye kutaka kuanza, na aanze na Ngome ya Cagliostro, ambayo haihitaji ujuzi wowote wa kabla yake, na ambayo mtoto wa miaka kumi na bibi yake wanaweza kuitazama pamoja bila ya mmoja kumwonea mwenziwe haya. Kisha arudi kwenye zile sehemu 23 za koti la kijani, akitazama jinsi hadithi inavyobadilika tabia katikati, kutoka mikono ya Ōsumi kwenda ya vijana wale wawili; na mimi, ingawa nimewasifu vijana, sipendi kumwona Ōsumi akidharauliwa, kwani ukavu na uchovu wa sehemu zake za mwanzo ni kitu ambacho hakuna aliyekiweza tena mpaka bibi Sayo Yamamoto alipoiongoza ile ya Fujiko mwaka 2012. Koti jekundu alionje kwa kuchagua, asikose ile ya 145 na ile ya 155. Ama ile ya Mamo ya mwaka 1978, aiache mpaka watoto wamelala, maana ina mambo ya wakubwa wenyewe, na maswali yake juu ya nakala za binadamu ni marefu kuliko jibu lolote utakalompa mtoto kabla ya shule.